Majina ya Ndege wa Maji (2): Kibisi, Mzamiaji Mwepesi

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini kila kiumbe hupewa jina la kitaalamu lenye maneno mawili, utaratibu ulioimarishwa na Msweden Carl Linnaeus kwa wanyama mwaka 1758. Leo tumchukue ndege mmoja anayeishi kwenye malambo yetu ya Shinyanga: kibisi.

Wengi humdhani kifaranga cha bata. Urefu wake haufiki sentimita 30, mkia wake hauonekani, na ukimkaribia anazama ghafla na kuibukia mbali. Wataalamu humwita Tachybaptus ruficollis.

Tuanze na neno la pili. Ruficollis ni Kilatini: mwenye shingo nyekundu, wekundu wa kutu. Alilitoa Peter Simon Pallas, mzaliwa wa Berlin, mwaka 1764, akieleza ndege wa Uholanzi. Lakini shingo hiyo hung'aa msimu wa kuzaliana tu. Miezi mingine kibisi ni wa rangi ya udongo, na anayemtazama wakati huo ataona jina halimfai. Jina hili, basi, linamtaka mtazamaji arudi lamboni zaidi ya mara moja.

Neno la kwanza, Tachybaptus, lilitungwa na Mjerumani Ludwig Reichenbach katika miaka ya 1850 kwa maneno ya Kigiriki: takhus, upesi, na bapto, kuchovya au kuzamisha. Mzizi huo wa pili ndio uliozaa neno ubatizo, ambalo kila parokia ya kwetu inalijua. Maana ya jina Tachybaptus, basi, ni azamaye upesi.

Pallas mwenyewe alikuwa amemwita Colymbus ruficollis. Jina Colymbus lilileta ugomvi mrefu, kwa sababu Linnaeus aliwachanganya humo ndege wa jamii mbili tofauti. Ulaya walilitumia kwa jamii moja, Marekani kwa nyingine. Tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ililifuta mwaka 1956. Ndiyo maana vitabuni utaona imeandikwa Tachybaptus ruficollis (Pallas, 1764). Mabano hayo hayakuwekwa kwa urembo: yanasema Pallas ndiye aliyempa ndege jina la pili, ila la kwanza limebadilishwa baadaye.

Jina la familia, Podicipedidae, linafundisha zaidi. Limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya makalio na mguu. Miguu ya kibisi imeota nyuma kabisa ya mwili. Humsukuma kwa nguvu chini ya maji, lakini nchi kavu hutembea kwa shida. Vidole vyake vina mapande bapa kila kimoja peke yake, havikuunganishwa kwa ngozi kama vya bata. Hivyo si bata hata kidogo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni flamingo, wale wanaozaliana Ziwa Natron.

Walimu wa baiolojia wa Didia, hapa Shinyanga, na jirani zake, wapelekeni wanafunzi lamboni. Wamtazame kibisi anavyozama, waichunguze shingo yake msimu hadi msimu, kisha ndipo waandike jina lake daftarini. Jina la kitaalamu lisilofuatwa na macho hukaririwa kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani husahaulika.

Wiki ijayo: majina ya bata wa majaruba ya mpunga.