USITIE MAJIVU KATIKA UDONGO WA CHOKAA



Wengi wetu wa mashamba ya mkonge na viwanda vya pwani, kuanzia Kilifi hadi Tanga, tunalima vibustani nyuma ya nyumba za kambi. Ardhi hiyo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mboga huota vizuri, kisha majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Tunasema ardhi imechoka. Sivyo.

Mimi nilimwaga majivu ya jikoni misimu miwili, kama wazee walivyonifundisha. Umanjano ukazidi. Kumbe kwetu milimani, kunakolimwa chai, udongo una uchachu, na majivu huupunguza. Udongo wa matumbawe hauna uchachu, una chokaa nyingi. Madini ya chuma yamo, lakini chokaa huyafunga, mizizi isiyapate. Majivu hukaza fundo hilo.

Upime kwanza. Chukua kiganja cha udongo mkavu, utie siki. Ukitoa povu, una chokaa. Basi fanya hivi:

1. Majivu yabaki ya kusugulia sufuria.

2. Kila msimu tia samadi na takataka zilizooza, kisha funika udongo kwa majani makavu.

3. Ukinunua mbolea ya dukani, taka SA, si CAN, kwani CAN imechanganywa na chokaa. Ifukie. Ikiachwa juu ya udongo huu, nguvu yake huruka hewani.

4. Panda sukuma wiki, kabichi, bamia na mchicha. Mananasi yaache.

5. Penye mwamba chimba shimo, lijaze udongo na samadi, upande mkomamanga.

Tusikate tamaa. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1971 walianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu. Miti mingi ilikufa, mivinje ikastawi. Jongoo wakala majani yaliyoanguka wakayageuza mboji, na udongo ukaanza kujengeka. Leo pale pana msitu.

Neno la mwisho. Mwajiri akisema mshahara unatosha kwa kuwa mna bustani, mjibuni kwa pamoja: bustani ni jasho letu la jioni. Jasho la mchana lina malipo yake.