Machozi, jasho na damu kwenye kaseti

Mwaka 2001 Joseph Haule, aliyekuwa akijulikana kama Nigga Jay, alitoka peke yake. Mwaka mmoja kabla, kundi lake la hip hop la Hard Blasters lilikuwa limetikisa Tanzania kwa albamu ya Funga Kazi, yenye wimbo Chemsha Bongo. Sasa alijiita Professor Jay, na albamu yake ya kwanza aliipa jina Machozi, Jasho na Damu.

Kazi ilifanyika Bongo Records, Dar es Salaam, kwa mkono wa mtayarishaji P-Funk Majani. Midundo yake mizito iliyaacha maneno yasikike, jambo la lazima kwa msanii anayesimulia visa.

Kisa kilichowanasa wengi kilikuwa cha wimbo Ndio Mzee. Mgombea anapanda jukwaani, anamwaga ahadi zisizotekelezeka, na umati unaitikia kila anachosema. Hapo ndipo wazee waliozoea kuuita muziki wa hip hop uhuni walipotega sikio: mikutano ile waliijua. Haule mwenyewe alikuja kuchaguliwa mbunge wa jimbo la Mikumi mwaka 2015.

Albamu wakati huo ilimaanisha kaseti. Msanii alipeleka kazi kwa wasambazaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, kisha redio ikaipeleka sauti yake hata kusikofika duka la muziki, katika vijiji kama Mgori, mkoani Singida. Sheria ya hakimiliki ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, lakini kaseti ilidurufiwa kirahisi, na kila nakala ya wizi ilimnyima msanii jasho lake.