Msamiati wa magongo: Kona si kona, penalti si penalti

MSHABIKI wa soka anapoutazama mpira wa magongo kwa mara ya kwanza, hudhani kuwa yumo nyumbani. Anawaona wachezaji 11 kila upande, kipa, mabeki, viungo na washambulizi. Lakini mwamuzi anapopuliza kipenga na kutoa kona, hubaki ameduwaa: kipa na wenzake wanne wanajipanga nyuma ya mstari wa lango, ilhali sita waliosalia wanaamriwa kurudi hadi mstari wa katikati.

Kiini cha mkanganyiko huo ni lugha. Wanahabari na mashabiki wameazima maneno ya soka kuuelezea mchezo huu. Maneno ni yale yale, ila maana zake zimehama.

Tuanze na gongo lenyewe. Ncha yake imepinda. Upande mmoja ni bapa na wa pili ni wa mviringo. Sheria inaruhusu mpira uchezwe kwa upande bapa, na kuupiga kwa mgongo wa gongo ni kosa. Inafaa jina ‘mpira wa magongo’ litamkwe kwa ukamilifu, maana nchini Tanzania ‘gongo’ ni pombe haramu ambayo Wakenya huiita chang’aa.

Neno la pili ni ‘duara’. Hili ni eneo lililo mbele ya lango, lenye upana wa takriban mita 14.63 kutoka kwenye mstari wa goli. Bao halihesabiwi iwapo mshambulizi hakuugusa mpira akiwa ndani ya eneo hilo. Kwa hivyo, kombora la mbali linalosifiwa katika soka halina thamani hapa, hata likitinga wavuni.

Sasa ‘kona’. Zipo mbili. Kona ndefu hutolewa beki anapoutoa mpira nyuma ya lango lake bila kukusudia. Siku hizi mchezo huanzishwa upya kwenye mstari wa mita 23, wala si pembeni. Kona fupi ni adhabu. Hutolewa, kwa mfano, mpira unapougusa mguu wa beki ndani ya duara na kumnufaisha. Mshambulizi mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, umbali wa mita 10 kutoka mlingoti wa goli. Sharti mpira utoke nje ya duara kwanza ndipo wenzake walenge lango. Iwapo mkwaju wa kwanza ni wa kugonga, haupaswi kuvuka mstari wa goli juu ya kimo cha ubao ulio ndani ya lango, yaani sentimita 46. Mpira wa kuvutwa na kurushwa kwa gongo haufungwi na kimo hicho, na ndiyo maana timu huwathamini mno mafundi wa mtindo huo.

‘Penalti’ nayo ni jambo jingine. Ni pambano la mpigaji na kipa pekee, kutoka mita 6.4, na hutolewa hasa pale kosa la beki ndani ya duara linapozuia bao la wazi. Mwandishi anayeiita kona fupi ‘penalti’ humpotosha msomaji, kwani moja ni ufundi wa mtu mmoja na nyingine ni mbinu ya kikosi kizima.

Kadi pia ni tatu. Ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika mbili, ya manjano kwa dakika tano au zaidi, na nyekundu kwa mechi yote. ‘Kuotea’ hakupo tena, kwani sheria hiyo ilifutwa miaka ya 1990. Badala ya vipindi viwili vya dakika 35, mechi za kimataifa zilianza mwaka 2014 kuchezwa kwa robo nne za dakika 15.

Haya si mambo ya kigeni kwa Kenya. Mwaka 1971, jijini Barcelona, taifa hili lilimaliza la nne katika Kombe la kwanza la Dunia la mchezo huu. Beki Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Historia hiyo itawafikia vijana iwapo tu wanaosimulia mechi watakiita kila kitu kwa jina lake.