Ngome Kongwe ya Zanzibar

Ngome Kongwe ni jengo la kale katika Mji Mkongwe, jijini Zanzibar. Iko ufukweni upande wa magharibi wa mji, jirani na jumba la Beit al-Ajaib, na inatazamana na Bustani ya Forodhani. Ilijengwa na Waarabu wa Omani kuanzia mwisho wa karne ya 17, kwa hiyo huitwa pia Ngome ya Waarabu. Ni kati ya majengo ya zamani zaidi yaliyosimama katika Mji Mkongwe. Tangu ilipojengwa imekuwa kituo cha ulinzi, gereza, karakana ya reli, kiwanja cha tenisi na ukumbi wa michezo na muziki.

Umbo
Ngome ina kuta ndefu za rangi ya kahawia zilizozunguka uwanja wa wazi. Pembeni kuna minara ya mviringo, na juu ya kuta kuna meno ya mawe ambayo nyuma yake askari waliweza kujikinga. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, kama majengo mengi ya kale ya pwani.

Kanisa na ngome
Wareno walifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 16. Karibu na mwaka 1600 walijenga kanisa mahali ilipo ngome leo. Mwezi Desemba 1698 Waomani waliteka Ngome ya Yesu ya Mombasa, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Utawala wa Wareno ukaanguka pia Zanzibar. Waomani walianza kujenga ngome yao ili kuwazuia Wareno wasirudi, na ujenzi ulikamilika karibu na mwaka 1701. Masalia ya kanisa yaliingizwa ndani ya kuta, na sehemu zake bado zinaonekana kwa ndani.

Gereza na asili ya neno
Katika karne ya 19 Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskati. Mji ukakua kwa biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa, na misafara ya wafanyabiashara wake ilifika Tabora na Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Hofu ya kushambuliwa na Wareno ilikuwa imekwisha. Ngome ikatumiwa kufungia wahalifu, na wengine waliuawa hapo baada ya kuhukumiwa.

Mabadiliko hayo yanafanana na historia ya neno lenyewe "gereza". Wataalamu wengi wa lugha hulitoa katika neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wareno waliweka makanisa ndani ya ngome zao, hivyo watu wa pwani wakaliita boma zima kwa jina hilo. Ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo. Kwa kuwa ngome nyingi ziligeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, maana ya "kifungo" ndiyo iliyobaki. Neno hilo limeenea nchini kote, na hata Gereza la Ilagala mkoani Kigoma, mbali na bahari, linabeba jina lenye asili hiyo.

Karakana ya reli
Mwaka 1905 ilifunguliwa reli ndogo kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu, umbali wa kilomita 11 hivi. Ilianzia karibu na ngome, na ngome ikatumiwa kama karakana na bohari yake. Reli ya Kati ya bara, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inatumika mpaka sasa, lakini reli ya Bububu haikudumu. Magari yalipoongezeka, huduma ya abiria ilisimamishwa mwaka 1922. Mizigo iliendelea kubebwa kwa miaka michache, kisha reli ikafungwa kabisa.

Bustani na kiwanja cha tenisi
Jina la Forodhani linatokana na forodha, yaani mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa za bandarini. Mwaka 1936 ilifunguliwa bustani hapo kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Sehemu ya mbele ya ngome, iliyokuwa ya mizigo na ushuru, ikawa mahali pa mapumziko. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ngome nayo ilitengenezwa, na uwanja wake wa ndani ukawa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jengo lilikaa muda mrefu bila kazi kubwa.

Matumizi ya sasa
Katika miaka ya 1990 ngome ilikarabatiwa na kujengewa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kama ZIFF, lilianza mwaka 1998, na tamasha la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004. Yote mawili yameifanya ngome kuwa ukumbi wake mkuu. Ndani kuna pia maduka ya vitu vya sanaa. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Jioni watu hukusanyika hapo kula urojo, pweza na mishikaki na kunywa juisi ya miwa.

Uhifadhi
Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hata hivyo, kuandikwa katika orodha hakuzuii jengo kuchakaa. Matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa mvua na bahari. Ukuta wa namna hiyo ukizibwa kwa saruji, maji hubaki ndani na kuudhoofisha, kwa hiyo ukarabati unaofaa ni wa chokaa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jumba hilo ni changa kuliko ngome kwa zaidi ya miaka 180.

Ngome imedumu kwa sababu karibu kila kizazi kiliipatia kazi, na jengo lenye kazi huwa na wa kuliangalia. Hata hivyo, anayekaa kwenye ngazi zake kusikiliza muziki yumo katika uwanja ambao zamani watu walifungwa na kuuawa. Kueleza historia hiyo kwa wageni na wanafunzi ni sehemu ya uhifadhi, kama ilivyo kutengeneza kuta.