Kikao Kisicho na Mrija

Jioni, matatu zinapowashusha watu Mikindani, Mombasa, kutoka Changamwe na bandarini, si wanaume wote wanaokwenda moja kwa moja nyumbani. Wapo wanaopitia mangweni. Ukimwambia mgeni kwamba mangwe ni mahali pa kuuzia mnazi, umemwambia nusu tu. Kila benchi pale lina wenyewe. Asiyeonekana siku mbili huulizwa. Aliyeachishwa kazi hujulikana pale kabla mkewe hajapata habari, na mchango wa maiti ya kusafirishwa bara huanzia pale pale.

Mnazi wenyewe hutoka mashamba ya Rabai na Kaloleni. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara kwa kisu, utomvu ukatona kibuyuni, au siku hizi kwenye chupa ya plastiki. Asubuhi ni mtamu, jioni umekolea, kesho yake unaelekea kuwa siki. Hautiwi hamira. Na kwa Wamijikenda hiki si kinywaji cha kulewea tu: hupelekwa kwa wakwe wakati wa posa, na kidogo humwagwa chini kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia.

Sasa mchukue mtu aliyeamua kuacha. Anakwenda matangani, shemeji yake anamnyooshea mrija wa kunywea mnazi, naye anakataa. "Kwani sisi tumekukosea nini?" Swali hilo huwarudisha wengi mangweni kuliko kiu. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, iliwapangia wenye baa saa za kufungua: saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ilishika saa, haikushika benchi.

Ndiyo maana naona Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, yaani chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ni jambo la mila kuliko la dawa. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikuwa ugenini, kiu imemshika, akaona kitakachomwokoa ni kuzungumza na mlevi mwenzake. Akakutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, mlevi pia. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa chama.

Mtu wa Mikindani aliyezoea vyama vyetu vya mzunguko ataushangaa mkutano wao. Hapana daftari la wanachama, hapana faini ya kuchelewa, wala ada ya kuingia. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote akatia, na msaada wa nje hawapokei, hata wa mheshimiwa. (Ningependa kuona mheshimiwa wetu akirudishiwa bahasha yake.) Anayesema hutaja jina lake la kwanza, hukiri kuwa ni mlevi, kisha husimulia. Hakatizwi, hapewi mawaidha, habishiwi. Sisi watu wa Pwani, ambao hadithi ya mwenzetu tunaimalizia wenyewe, adabu hiyo hutuwia ngumu. Mgeni hupata mlezi, mtu aliyeacha siku nyingi, wa kumpigia simu saa ile shemeji anaponyoosha mrija. Kilichosemwa hubaki humo.

Hilo la mwisho ndilo zito. Mikindani ni pa nyumba za kupanga, ukuta mmoja na jirani. Mtu akionekana akiingia mlango fulani, habari hutangulia kufika kwake. Kwa Mwislamu uzito ni maradufu: jirani yake Mkristo akikiri, amekiri ulevi, yeye amekiri ulevi na haramu. Tena mikutano ya AA mahali pengi hufanyika katika kumbi za makanisa, naye husita mlangoni. Hatua zao kumi na mbili humtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu, lakini hayo utayajua ukishaingia. Sioni aibu kumshauri mtu wa Mikindani ahudhurie kikao cha kisiwani Mombasa, mbali na macho ya mtaa, mpaka apate moyo.

Jambo moja lisichezewe. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Mwili hutetemeka, huona yasiyokuwepo, hushikwa na degedege, na wengine hufa. Huyo aanzie hospitalini. Ya Port Reitz haiko mbali. Na Miritini, jirani kabisa na Mikindani, kipo kituo cha matibabu cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Namba ya NACADA ni 1192, haina malipo. Piga, uliza matibabu yako wapi na kikao kilicho karibu ni kipi. Ukifika, kaa kiti chochote kilicho wazi. Wewe ni wa nani na kwenu ni wapi, huko hutaulizwa.