Turi au Starehe: Karo Inalipia Nini?

Karo ya bweni la sekondari katika shule ya St Andrew's, Turi, inapita shilingi milioni mbili kwa mwaka. Starehe, jijini Nairobi, huingia hata mtoto ambaye kwao nauli ni taabu, akasoma hadi amalize bila kudaiwa karo. Zote mbili ni shule kongwe na hakuna iliyoanzishwa na serikali. Pengo hilo la bei lina historia yake.

Turi ilifunguliwa mwaka 1931 karibu na Molo, enzi za walowezi. Iliteketea mwaka 1944, ikajengwa upya kwa jasho la mateka wa vita Waitaliano. Sekondari iliongezwa mwaka 1988. Mpaka leo inafuata mtaala wa Uingereza, kwa hiyo mzazi analipia viwanja, farasi, na mitihani ya IGCSE na A Level inayofungua vyuo vya ng'ambo.

Starehe ilianza mwaka 1959 katika vibanda vya mabati. Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu waliwakusanya wavulana waliobaki mitaani kutokana na Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Griffin aliiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, mwaka ambao kituo cha wasichana kilifunguliwa. Alizoea kuitisha baraza ambapo mwanafunzi yeyote aliweza kusimama na kumweleza mkurugenzi ana kwa ana kwamba chakula hakifai au kiranja amemwonea. Malezi ya namna hiyo hayaandikwi kwenye risiti yoyote.

Kwa mzazi wa kipato cha kati, naona hakuna haja ya kuuza shamba ili mtoto aende Turi, isipokuwa kama kuna fedha za kumsomesha ng'ambo baadaye. Bila hizo, A Level itakuwa imelipiwa bure. Na mwenye uwezo asiitamani Starehe kwa sababu ya unafuu wake: shule hiyo ilianzishwa kwa ajili ya mtoto asiye na pengine pa kwenda.

Ukiamua kulipa, usitoe amana kabla mhasibu hajakupa kwa maandishi ada za mitihani, sare, safari na bima, pamoja na kiasi utakachorudishiwa mtoto akihama katikati ya muhula.