Gitaa la umeme likikutana na ilimba, nani abadili sauti?

WAPIGAJI wawili wa Sumbawanga wakiamua kurekodi albamu yao ya kwanza pamoja, mmoja akiwa na gitaa la umeme na mwingine ala aliyorithi kwa babu yake katika kijiji cha Ufipa, watakumbana na swali moja kabla ya wimbo wowote. Ni yupi kati yao atakayebadili sauti za ala yake ili alingane na mwenzake?

Ni rahisi kumtaka mwenye ala ya jadi abadili. Albamu ya Assembly, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Real World ya Uingereza, inasaidia kueleza kwa nini kufanya hivyo ni hasara. Waliokutana humo ni Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeifanya Bagamoyo kuwa makazi yake, na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Si albamu ya ala tupu, kwani Zawose aliimba pia, lakini mvutano wake mkubwa umo katika ala.

Gitaa hugawa safari ya kutoka 'do' hadi 'do' inayofuata katika hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa Wagogo haufuati hatua hizo. Hufuata sauti za asili zinazojificha ndani ya mlio mmoja, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Wanakwaya, ambao Sumbawanga haina uhaba nao, wataelewa haraka: sauti ya saba hukaribia 'ti' iliyoshushwa, lakini huangukia chini zaidi, kwa karibu theluthi moja ya hatua ya gitaa. Ni tofauti ndogo kuitaja, ila sikio huikamata mara moja.

Mpiga gitaa anaweza kuifikia. Kwa kuwa kuvuta waya kwa kidole hupandisha sauti tu, hana budi kuanzia hatua ya chini yake na kuivuta kwa karibu theluthi mbili.

Kwa ilimba mambo ni magumu zaidi. Kila kichuma chake kinaweza kusogezwa ndani au nje, sauti ikapanda au kushuka. Lakini vingine havipigwi kabisa. Hutetemeka vyenyewe jirani zao wanapoguswa, na hapo ndipo ule mvumo mpana unapozaliwa. Ukibadili kimoja ili kumridhisha mwenye gitaa, vilivyokuwa vikikiitikia hunyamaza.

Brook naye alikuwa na gitaa alilolibuni mwenyewe, ambalo waya ukishaguswa huendelea kulia kwa nguvu ya umeme hadi mpigaji auzuie. Mlio wa ilimba hufifia upesi, hivyo mlio mrefu wa aina hiyo unaweza kukaa nyuma yake bila kuufunika.

Zawose alifariki dunia mjini Bagamoyo mwezi Desemba 2003. Albamu ya kwanza ya wawili hao ikawa pia ya mwisho.